Mkono Mrefu Uliomtoa Ndama

Baba yako anakuja. Amesema mwenyewe leo mchana, mbele yangu na mbele ya kaka yako Masanja, akiwa na tonge la ugali mkononi, na hakuna aliyemlazimisha. Anakuja Dodoma, huko uendako chuoni, kwenye ile siku ya familia pale kliniki. Ameniuliza hata kama huko kuna baridi.

Sasa salamu. Mwadila, Malimi wangu, mwanangu mrefu kuliko wanaume wote wa Zagayu. Najua salamu hutangulia, lakini leo ningeanza na salamu ningepasuka.

Nakuandikia jua likiwa bado juu. Wewe umekwenda Lalago kumuaga bibi yako na hutarudi kabla ya jioni. Nimekaa kwenye mlango wa stoo ya pamba, daftari nimeliweka juu ya debe. Barua hii nitaitia ndani ya begi lako, chini ya ile suruali niliyoiongezea kitambaa miguuni kwa sababu Bariadi nzima hakuna duka lenye suruali ya miguu yako. Utaisoma kesho ndani ya basi. Nimeandika herufi kubwa na nimeruka mstari kila mahali, maana najua maneno yakibanana yanakusumbua. Soma polepole. Humo hakuna mwalimu wa kukuharakisha. Ukichoka tazama dirishani, halafu urudi.

Habari za sabuni na chandarua na kula vizuri sitaziandika. Hayo nimeyasema tangu mwezi wa sita, na kama hujayasikia basi hutayasikia tena. Nataka kuandika mahali nilipokosea. Kwa mdomo siwezi. Unanijua, mimi mdomo ukifunguka unaanza kujisifu wenyewe. Kalamu inanipunguzia mwendo, hasa kalamu ya mtu wa darasa la saba.

Nianze na gunia.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Msimu ule pamba ilikuwa nyingi, na pale ghalani kwa chama cha ushirika walikuwa wanatafuta vijana wa kushindilia. Nani aliyekupeleka? Mimi. Niliwaambia kina mama wote kwenye foleni, "Subirini mwanangu aingie, mtaona gunia linavyokula pamba." Miguu yako mirefu, nilijisifu nayo kana kwamba niliichonga kwa mikono yangu. Nilikuwa nakupima kila mwezi kwenye mwimo wa mlango kwa mkaa, na kila mgeni alioneshwa zile alama kabla ya kupewa maji ya kunawa. Sikujua kwamba kile ninachojisifu nacho ndicho mwili wako ulichokuwa unakitumia kuniambia kitu.

Gunia lilikuwa limening'inizwa kwenye miti, wewe uko ndani unakanyaga, wenzako wanakumwagia pamba kutoka juu. Joto lile na vumbi lile, vijana wote vifua wazi. Wewe peke yako umefunga vifungo mpaka shingoni.

Nikakuita, "Malimi, vua shati."

"Sisikii joto, mayu."

"Vua bwana. Mwanaume gani anakanyaga pamba amevaa kama anakwenda kubatizwa?"

Watu wakacheka. Na mimi nikaona nimesema jambo la kuchekesha, nikarudia. Yule kijana wa juu yako akajua ametumwa, akainama, akaikamata kola akavuta. Vifungo vikaruka. Kila mtu akaona kifua chako kilivyokuwa kimeanza kuota kama cha msichana. Halafu mmoja akasema, "Kumbe tumemtia dada yetu kwenye gunia."

Hukulia. Uliivuta ile pamba ukajifunika, ukaketi chini humo humo ndani ya gunia mpaka kichwa kikapotea. Ulikaa humo mpaka watu wa mwisho wakaondoka. Mimi nilisimama pale. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno, si msibani si sokoni, siku ile nilikosa. Ningeweza kusema, "Huyu ni wangu, mwacheni." Maneno manne. Niliyapata nikiwa nyumbani, usiku, yakiwa hayana kazi tena.

La pili ni lile la Kabula. Tulikupeleka kwa mganga, mimi na baba yako, na naomba ulijue kwamba mimi ndiye niliyetangulia njiani. Akasema shangazi ya baba yako aliyekufa anataka jina lake libebwe, na kwamba ndiye anayekufanyia vile kifuani. Tukapika pombe, tukachinja mbuzi, tukakufunga shanga mkononi, na mwezi mzima tukakuita Kabula humu nyumbani. Kijana wa miaka kumi na mitano, tunakuita jina la bibi kizee. Na wewe kila tulipokuita uliitika. Kama ungekataa nisingeumia hivi. Uliitika, "Abee," unakuja.

Simcheki mganga. Alitafuta sababu kama sisi tulivyotafuta. Ila hakukuuliza wewe hata swali moja, na sisi pia hatukukuuliza.

Aliyekuuliza ni Sista Rehema, yule nesi wa Tanga wa zahanati yetu. Ulikwenda na malaria, una miaka kumi na saba, akakupima homa, halafu akafunga mlango akakuuliza unavyojisikia mwilini, unavyolala, unavyosoma, kama unanyoa ndevu. Ulitoka humo baada ya muda mrefu nikadhani umezidiwa. Kumbe ulikuwa unaongea. Aliniambia, "Mama Masanja, mwanao ana maneno mengi kweli, alikuwa hajapata pa kuyaweka." Akaandika barua ya rufaa, na tukaanza safari za Mwanza.

Zile safari unazikumbuka. Siku moja ya damu, mwezi mwingine ya majibu, mlango huu daktari wa homoni, mlango ule mnasihi, na kila mlango wanauliza upya jina, umri na kifua kimeanza lini. Nilibeba makaratasi yale kwenye mfuko wa rambo kama mtu anayetafuta kiwanja. Lakini yule daktari kijana nilimpenda. Alichora kwenye karatasi, akasema wanaume wengi wana kipande kimoja cha X na kimoja cha Y, na mwanangu ana X mbili na Y moja, na hali hiyo ina jina la mzungu, Klinefelter, na wapo wengi wanaoishi nayo bila kujua. Akasema homoni ya kiume mwilini mwako ni kidogo, ndiyo maana ndevu hazitoki na kifua kimekuwa vile na unachoka. Akasema hata kusoma kwako kwa shida kunaweza kuwa humo humo. Nikamuuliza, "Kwa hiyo daktari, mwanangu hakupungukiwa, amezidishiwa?" Alicheka mpaka akavua miwani. Na wewe ulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kukusikia unacheka tangu lile gunia, na njia nzima ya kurudi nilijiona nimeshinda uchaguzi.

Nikarudi nyumbani na furaha yangu hiyo nikamsimulia baba yako. Yeye akauliza neno moja tu, "Atazaa?" Nikasema wanasema ni vigumu. Akatoka nje. Kesho yake asubuhi zizini akamwambia Masanja, "Yule mtamba mwenye uso mweupe ni wako." Mtamba wako. Yule ambaye baba yako alikutajia siku mtamba huyo alipozaliwa, kama baba anavyomtajia kila mtoto wa kiume, awe mwanzo wa ng'ombe zake za mahari. Ulikuwa umesimama pale pale umeshika kamba. Ukaifunga kamba vizuri kwenye mti, ukaingia ndani. Na mimi nilikuwa mlangoni, na kwa mara nyingine nikakosa neno. Umeona, mama yako anayejisifu ana mdomo, mara mbili ulipomhitaji mdomo haukuwepo.

Ila mdomo huo ulikuwepo mahali usipotakiwa. Hili la tatu ndilo linaloniaibisha zaidi kwa sababu nililifanya kwa mapenzi. Sindano zilipoanza, ndevu zikaanza kukutoka, sauti ikashuka, ukawa huamki umechoka. Nani angenyamaza? Nilijisifia hata sindano yako. Kwenye foleni ya kupima pamba nikawaambia kina mama, "Mwanangu anachomwa dawa ambayo humu hamjawahi kuiona, imeandikwa na daktari bingwa." Wakauliza ya nini. Nikajibu. Wiki haijaisha shuleni wanakuita Mama Sindano, na wewe ukaacha kwenda zahanati. Sindano tatu zilipita, mimi sina habari. Nilichoona ni kwamba unalala mchana na jembe limeegemea ukuta, nikakuita mvivu mbele ya wageni.

Sista Rehema alinifuata mpaka shambani. Alikuwa amevaa viatu vya kazini, vikajaa udongo, hakujali. Akasema kwa ile sauti ya upole ya watu wa Tanga, "Mama Masanja, mwanao si mvivu, ana miezi hajachomwa. Na hajachomwa kwa sababu yako. Habari ya mwili wake aitoe yeye, si wewe, hata ukiwa na furaha ya namna gani." Nilikaa chini kwenye tuta. Akanipa maji yake ya chupa.

Yeye ndiye aliyekupangia saa ya jioni, foleni ikiwa imekwisha. Yeye ndiye aliyemleta yule mama wa ustawi wa jamii kutoka Bariadi akae nawe mara moja kwa mwezi, akakutafutia na yule kaka wa Kimali mwenye hali kama yako, fundi ujenzi, ana mke, mnaoongea naye kwenye simu mpaka chaji inaisha. Sijui mnaongea nini, na nimejifunza kutouliza. Ninachojua ni kwamba baada ya hapo ulirudi kwenye sindano mwenyewe, bila kusukumwa na mtu.

Sasa nifike pazuri, maana nimekuwa nikikimbilia huku tangu mstari wa kwanza.

Wiki tatu zilizopita yule mtamba alishikwa na uchungu, uzao wake wa kwanza. Ng'ombe wa Masanja sasa, siyo wako. Ungeweza kubaki kitandani na hakuna ambaye angekulaumu. Kutwa nzima anahangaika, mguu mmoja wa ndama umetokeza na mwingine haupo. Bwana mifugo simu haipatikani. Masanja alijaribu, mkono haukufika. Baba yako alijaribu, haukufika. Majirani walikuwa wameshajaa zizini, na katika hao nilimwona yule yule wa "dada yetu," sasa ana tumbo na watoto wawili. Baba yako akaanza kutazama kisu.

Ukaja. Ukaomba ndoo ya maji na sabuni. Halafu ukavua shati.

Hukuambiwa na mtu, Malimi. Mbele ya watu wote wale ulilivua ukamkabidhi yule yule kijana wa ghalani, ukamwambia, "Nishikie, usiliburuze chini." Kifua chako ni kile kile, daktari alisema dawa haitakiondoa chote. Hukukificha hata kwa kiwiko. Ukapaka sabuni mpaka begani, ukalala chini kwenye samadi, na mkono ukaingia, ukaingia, mpaka watu wakaanza kuguna. Ukasema, "Umekunjika nyuma. Nimeushika." Ukafumba macho kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Halafu ukasema, "Masanja, vuta. Polepole. Sasa."

Ndama akaanguka mapajani mwako, na uso mweupe kama mama yake.

Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Nilitaka kuwaambia majirani wote mkono ule umetoka kwa nani, na niliwaambia, nisamehe, lakini la mkono tu. Daktari wa Mwanza alituambia watu wa hali yako wana mikono na miguu mirefu. Ndiyo huo. Chuo cha mifugo kimekuchukua kwa cheti chako, lakini mimi najua kingekuchukua kwa mkono huo hata bila cheti.

Baba yako alikutazama ukijiosha. Kesho yake akavaa koti la harusi, akasema anakwenda mnadani kutazama beberu.

Saa nne Sista Rehema ananipigia simu, anaongea chini chini. "Mumeo yuko hapa. Amekaa kwenye benchi la kliniki ya watoto, katikati ya kina mama wenye vichanga. Nimemwambia apite mbele kakataa, anasema atafuata foleni." Kuna mama alimuuliza, "Mzee, umemleta mtoto yupi?" Akajibu, "Wangu hakai kwenye benchi hili, ni mrefu." Saa nzima amekaa hapo na koti lake, kuna mtoto amemtapikia begani, hakuondoka.

Zamu yake ilipofika akasema ana swali moja. Akauliza manne. Yote Sista ameniambia kwa ruhusa yake, baba yako alimwambia, "Mweleze mama yake, mimi sitaweza."

La kwanza, je, huyu ni mwanaume? Sista akamjibu, "Ni mwanaume, baba. Alizaliwa mwanaume, na akitaka kuoa ataoa." La pili, kizazi. Akamwambia mara nyingi ni vigumu, zipo hospitali kubwa zinazojaribu njia, na hatamwahidi asichokijua. La tatu, ni damu ya kwetu au ya kwa kina mama yake? Akamwambia si ya huku wala ya kule, hakuna aliyekosea, hutokea tu mtoto anapotungwa. Sista anasema hapo baba yako alivuta pumzi kama mtu aliyetua gunia. Miaka miwili hii, Malimi, alikuwa anadhani ni yeye. Nami huku nilikuwa nadhani ni mimi. Tumelala kitanda kimoja kila mtu na lake.

Swali la nne lilikuwa, "Na huko aendako, sindano atachomwa na nani?"

Sista akamweleza kliniki ya Dodoma ilivyo. Kwamba safari hii hakuna kuzunguka milango. Daktari wa homoni, mnasihi, na mwalimu wa kukusaidia kusoma wanakaa asubuhi moja, faili moja, wanaongea wao kwa wao wewe ukiwepo. Watapima damu yako na mifupa na sukari humo humo. Na mara ya kwanza wanaomba familia ije, wakae pamoja, kila mtu aulize lake. Baba yako akauliza, "Siku gani?" Akaomba aandikiwe. Kile kikaratasi kilikaa mfukoni mwa koti wiki tatu nzima, mimi nakiona, nanyamaza. Umeona mama yako alivyokua.

Leo mchana ndipo akakitoa, ugali ukiwa mezani. "Tutakwenda," akasema. Masanja akamwambia siku hizo tutakuwa tunaandaa shamba. Baba yako akasema, "Shamba litatukuta hapa hapa." Masanja naye akanawa mikono, akasema, "Basi na yule mwenye uso mweupe arudi kwa mwenyewe, na ndama wake. Mimi akiniona hata hanitazami." Baba yako akaitika kwa kichwa. Ndivyo mambo makubwa ya nyumba hii yanavyoamuliwa, kati ya mboga na maji ya kunawa.

Kaniambia nisikwambie, atakwambia mwenyewe kesho stendi. Kama amekwambia, vizuri. Kama alikushika tu bega akazungumzia matairi ya basi, ujue ndicho alichokuwa anajaribu kusema, maneno yalimkwama.

Nimebakiza kidogo na mkono umechoka.

Huko chuoni watu watakuuliza mambo. Wengine utawajibu, wengine hutawajibu, na hilo ni lako. Mimi sitamwambia mtu chochote usichonipa ruhusa. Nimeapa kwa Sista Rehema na yeye hasahau. Kama siku moja utachoka na sindano, au maneno ya watu yatakurudisha ndani ya gunia, usinifiche ili nisiumie. Mimi nilikaa nje ya gunia lile nimesimama kama mti. Safari hii nipe nafasi ya kuingia nikutoe, au hata nikae humo nawe. Naweza kukaa bila kuongea. Muda mfupi naweza.

Na usijitafutie ukubwa kwa sababu ya mtamba. Hukupewa tena kwa kuwa ulimtoa ndama. Alikuwa wako siku zote, sisi ndio tulipotea.

Nakusikia unakuja, wewe na hatua zako hizo ndefu, mbwa ameshatangulia kukupokea. Nafunga. Mwambie mwenye nyumba utakayopanga huko atafute vitanda, maana tunakuja wote, mimi na baba yako na koti lake, Masanja, na Sista Rehema ameomba ruhusa kazini apitie huko nasi akienda likizo Tanga. Tutalala njiani, tutafika asubuhi, na utatujua kwa sauti yangu kabla ya kutuona.

Tuangalie kwenye geti la kliniki, Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa kumi.

Mama yako,
Nkwimba